Cherehani mbili za bibi, Pangani: zinaokoleka, lakini si kwa pupa

SWALI: Shikamoo fundi. Nyumba ya marehemu bibi yetu iko Pangani mjini, nyumba ya mawe ya zamani, imefungwa tangu alipofariki 2011. Mwezi uliopita tulifungua chumba cha juu, nyuma, tukakuta cherehani zake mbili, zote Singer nyeusi. Moja ni ya kukanyaga, namba yake inaanza na herufi Y. Ya pili ni ya mkono, imo kwenye boksi lake la mbao, namba yake inaanza na F. Magurudumu yote mawili yamegoma. Mjomba anasema tuwaite watu wa chuma chakavu. Jirani anasema kuna mtu Dar anatoa mamilioni kwa sababu cherehani hizo zina zebaki nyekundu. Rafiki yangu wa gereji ameniambia nizitumbukize kwenye pipa la dizeli. Mimi nataka kushonea. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa bibi, hata kama miaka imepita.

Zote mbili zinaokoleka. Nasema hivyo bila kuziona, kwa sababu Singer ya zama zile haifi kwa kukaa. Upepo wa chumvi wa Pangani hutoboa mabati, mchwa humaliza meza, lakini mtambo wenyewe ulilala ukiwa na oili ya bibi ya mara ya mwisho aliyoshona. Oili hiyo ndiyo iliyoulinda na kutu, na oili hiyo hiyo, ilipokauka, ndiyo iliyoufunga. Magurudumu yako kwa uwezekano mkubwa hayajashikwa na kutu. Yameshikwa na gundi. Kama bibi alikuwa akitia mafuta ya nazi pale oili ya dukani ilipokosekana, na wengi walifanya hivyo, basi hiyo gundi ni nzito kweli.

Ninazoletewa zikiwa hazina dawa, nyingi hazikufia gofuni. Zilifia mikononi mwa aliyezikuta, tena siku ile ile.

Hata mimi niliua moja. Nilikuwa kijana wa kufundishwa kazi, nikatumwa kwenye nyumba zilizohamwa za shamba moja la mkonge nje ya Tanga. Nikaikuta cherehani nzuri, maua ya dhahabu bado yanang'aa, gurudumu halitaki. Nikamimina oili, nikasubiri muda wa kunywa chai, kisha nikalibana gurudumu kwa spana ya bomba nikavuta. Ikalia tak! Gurudumu likaanza kuzunguka laini ajabu. Nikairudisha mjini nikijiona fundi. Mwalimu wangu akaigeuza chali, akatazama kidogo, akaniita. Kumbe zamani sindano iliwahi kuvunjika, ncha yake ikaangukia kwenye njia ya shato, kile chuma cha chini chenye ncha kinachounganisha uzi wa juu na wa chini, na kujibana pale. Gurudumu lilikuwa linakataa kwa haki. Nilichokivunja ni kile kidole cha chuma kinachoisukuma shato, na gurudumu lilikuwa laini kwa sababu halikubakiwa na kitu cha kusukuma. Hakunifokea. Alichomoa ile ncha ya sindano kwa kibano akaniwekea kiganjani. Ninayo hadi leo, ndani ya kopo la vifungo.

Kwa hiyo spana weka mbali. Sasa nimalizane na hao wanaume wako watatu, tukishamaliza tuingie chumbani.

Habari ya zebaki ina umri na ina kwao. Aprili 2009 ulivuma uvumi Saudi Arabia kwamba Singer kongwe zina zebaki nyekundu, dawa ya kugundua dhahabu iliyofukiwa na hata ya kufukuzia majini. Watu walikuwa wakiisogeza simu karibu na sindano, na simu ikikata wanasema imo. Zikatajwa bei hadi riyali laki mbili kwa cherehani moja, mpaka polisi wa kule wakaanza kutafuta uvumi umeanzia wapi. Sisi wa pwani tuna ndugu Ghuba, habari haikukawia kuvuka maji, na mpaka leo haipiti miezi miwili bila mtu kunisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini. Jibu langu ni moja. Zebaki nyekundu yenye sifa hizo hakuna aliyewahi kuithibitisha popote. Ndani ya cherehani ya bibi kuna chuma cha kumimina, chuma kigumu, nikeli ya juu juu kwenye vibamba, rangi na oili. Nimezifungua hadi skrubu ya mwisho, sijui ngapi. Zebaki ya kweli ni hii ya kioevu, ya rangi ya fedha, nayo ni sumu, si kitu cha kutia ndani ya mtambo wa kushonea kanzu.

Wala Singer si kitu adimu hivyo. Kiwanda cha Clydebank, Scotland, ndicho kilichozitoa zako zote mbili, kama nitakavyoeleza. Mwaka 1913 peke yake kilitoa zaidi ya milioni 1.3. Kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni hakigeuki lulu kwa sababu kimekutwa kwenye vumbi. Huyo mtu wa Dar ukimfuata hadi mwisho utaona ni wewe unayeombwa pesa: ya kipimo, ya nauli ya mtaalamu, ya kibali. Au atakuja, atavunja mkono wa sindano kutafuta asichokiweka, ataondoka.

Mjomba mwache na heshima yake, lakini mwambie taratibu kwamba chuma chakavu hununuliwa kwa kilo. Kichwa cha ile ya kukanyaga ni kilo kumi na kitu. Piga hesabu naye, halafu mwende pamoja dukani mkaulize bei ya kichwa kipya cha Kichina. Nadhani ataacha mwenyewe. Ila jambo moja analo mjomba hata kama hakulisema: hizo ni mali za marehemu. Kama mirathi haikuwahi kukaliwa, cherehani si zako wala si zake peke yake, ni za warithi wote. Kaa na wajomba na mama zako wadogo, wakubali kwa maneno, ikiwezekana muandike kipande cha karatasi. Cherehani ikiwa kutu hakuna anayeikumbuka, ikianza kushona na kuingiza pesa, ndugu watakumbuka kwamba bibi "aliwahi kuniambia itakuwa yangu."

Hili nawaambia pia wale wanaonipigia simu kuhusu nyumba zisizo zao. Pwani hii magofu mengi yana historia ya watu kuondoka ghafla. Zamani barazani mwa duka la Mhindi hakukosekana fundi na cherehani yake. Wenye nyumba wakaondoka, wa Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964, wa bara serikali ilipotaifisha majumba 1971, na Uganda Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 mwaka 1972 wawe wameondoka, mtu na sanduku lake. Cherehani haibebeki kwapani. Ilibaki. Lakini kubaki si kutelekezwa, na gofu lina mwenyewe hata kama yuko Leicester, Uingereza. Tafuta mwenyewe, muulize mwenyekiti wa mtaa nani anaisimamia nyumba, ndipo uguse.

Rafiki yako wa gereji hana kosa, kwa injini. Ukitumbukiza kichwa kizima kwenye dizeli, uchafu unayeyuka na kwenda kujificha mahali ambapo haukuwapo. Rangi inachanua pale kutu ilipokwisha kupenya chini yake. Na kitambaa cheupe cha kwanza utakachoshona kitanuka gereji. Mafundi wa magari pia wana mchanganyiko wao wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni. Kwa bolti ya lori ni dawa kweli. Tone moja likiangukia ule weusi wa Singer, litaharibu vanishi na maua yake.

Haya, chumbani.

Ni chumba cha juu, nyumba ya mawe, imefungwa zaidi ya miaka kumi. Kabla ya cherehani tazama sakafu. Sakafu hizo zimebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba, boriti haifiki mbali sana zaidi ya mita tatu. Zikinywa maji ya paa linalovuja, huoza kuanzia pale zinapoingia ukutani, na kutoka juu huoni kitu. Shuka chini kwanza, mulika dari na tochi, tafuta boriti iliyopinda au vumbi la mbao chini yake. Ukiona shaka, mwite fundi wa nyumba. Bibi alitembea juu ya hiyo sakafu nayo ikiwa kavu. Kama kuna popo, funga pua na mdomo, na nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia, kinyesi chao kikavu si cha kuvuta. Droo za meza usitie mkono. Zivute kwa kijiti. Nge anapenda droo ya cherehani kuliko mahali popote, na humo ndimo mlimo vitu utakavyovihitaji: futi (ule mguu unaokandamiza kitambaa), bobini (kibeba uzi wa chini), kibisibisi kidogo, pengine na kitabu chake. Usitupe hata kipande usichokijua.

Piga picha kila upande kabla hujagusa. Kisha tenganisha ya kukanyaga, usiibebe nzima kwenye ngazi. Ondoa mkanda kwenye gurudumu. Inua kichwa kwa mbele kikilalia nyuma, utaona bawaba mbili zinazokishika mezani, na kila moja ina skrubu ndogo inayoibana. Mtu mmoja akumbatie kichwa, wewe ulegeze skrubu, kichwa kinachomoka. Hapo ndipo vinapoanguka. Kishike kwa shingo na kitako, usikishike kwa gurudumu wala kwa sehemu ya sindano. Miguu ya meza ni chuma cha kumimina, inaonekana ya kudumu milele lakini ikigonga ngazi hukatika kama biskuti, na kuiunga kwa kuchomelea kunataka fundi hasa. Ile ya mkono usiinyanyue kwa mpini wa kifuniko hata kama ndivyo ilivyokusudiwa. Vishikizo vya ndani vimeshaliwa. Utabaki na kifuniko mkononi na cherehani vidoleni mwa miguu. Pitisha mikono chini ya kitako.

Sasa zimefika nyumbani, ziko kwenye meza yenye mwanga, na una hamu. Usizungushe. Soma namba kwanza.

Herufi Y na F, kwa Singer, ni za Clydebank. Y ni ya miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1930, F iliitangulia. Kiwanda kilikuwa mahali panapoitwa Kilbowie, ndiyo sababu aina zake hufuatwa na K: 15K, 28K, 66K. Kilifungwa 1980, lakini kituo cha treni cha pale bado kinaitwa Singer. Aina yenyewe mara nyingi haijaandikwa kwenye hizi za zamani, unaitambua kwa bobini. Futa vumbi chini ya bamba la kushoto ulitelezeshe. Ukikuta bobini ya duara ndani ya boksi lake la chuma linaloingia kutokea kushoto, una 15K, na hiyo ya kukanyaga nadhani ndiyo. Ukikuta kitu chenye umbo la risasi, na ndani yake bobini nyembamba ndefu kama kijiti chenye visahani viwili, una shato ya kuyumba, na ile ya mkono huenda ni 28K.

Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua unaanza na ipi. Cherehani za Kichina zilizojaa Kariakoo, Butterfly na ndugu zake, ni nakala ya Singer 15. Mafundi wengi wanazibeza. Mgala muue na haki umpe: kwa sababu yake, bobini, boksi la bobini, sindano na hata tensheni nzima (kile kinachokaza na kulegeza uzi wa juu) ya 15K ya miaka ya 1920 unaipata leo duka lolote la vipuri, kwa bei ya sahani ya chipsi au zaidi kidogo. Shato ya 28 haipatikani hivyo. Kwa hiyo anza na ya kukanyaga, ujifunzie makosa pale yanaporekebishika. Ile ya mkono safisha, tia oili, funika, isubiri zamu yake.

Kukomboa gurudumu.

Fanyia kazi nje, kivulini, mbali na jiko na sigara. Nunua nusu lita ya mafuta ya taa, chupa ndogo yenye mdomo mwembamba, brashi ya meno iliyochakaa, oili ya cherehani ile nyeupe nyepesi, na bisibisi mbili zinazojaa kwenye mfereji wa skrubu. Nasisitiza zinazojaa. Skrubu za Singer zina hesi zake zenyewe, haziingiliani na za kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ukimenya kichwa cha moja kwa bisibisi nyembamba, umejitafutia safari. Ninazo bisibisi nilizozisaga kwa jiwe mpaka zikakaa sawasawa, ndizo ninazozifungia droo. Skrubu ikigoma, tone la mafuta ya taa, usiku mmoja, kisha weka bisibisi na uigonge kichwani kwa nyundo ndogo, mara mbili tatu, kama unabisha hodi kwa mgonjwa. Halafu jaribu.

Ondoa sindano, futi, bamba la sindano, boksi la bobini. Tazama chini ya meno yanayosogeza kitambaa. Utakuta pamba iliyoshindiliwa kama godoro, pamoja na uzi wa rangi ambazo bibi alizishona mwishoni. (Mteja wangu mmoja alikuta uzi wa kijani wa nguo ya shule yake mwenyewe. Alikaa kimya muda mrefu.) Toa yote kwa kijiti na kibano, usikate kwa kisu. Angalia njia ya shato kwa tochi, na nimeshakueleza unatafuta nini.

Halafu mafuta ya taa. Kila tundu la oili juu ya mkono wa cherehani, matone matatu. Fungua kifuniko cha uso, upande wa sindano, uone nguzo mbili, moja ya sindano na moja ya futi: tia juu na chini ya kila moja. Fuata pale unapojitokeza mkono wa kuvutia uzi. Ilaze nyuma, tia chini kila mahali ambapo chuma kinasuguana na chuma. Kisha iache. Asubuhi ya pili itoe juani kuanzia saa nne hadi saa nane. Chuma cheusi kikipata jua la Pangani kinashikika kwa shida, na ile gundi iliyokuwa ngumu kama lami ya barabarani inakuwa lami ya mchana. Hapo, na hapo tu, shika gurudumu kwa vidole viwili ulisukume mbele na nyuma, upana wa ukucha. Likikubali hata unywele, umeshinda. Endelea kulitikisa bila kulilazimisha, ongeza mafuta, rudisha kivulini. Nyingi huachia siku ya tatu au ya nne. Moja ilinichukua wiki mbili na nusu, na siku ilipoachia ilikuwa saa za magharibi nikamwita mke wangu aje kuona, akaniambia ubwabwa unapoa.

Kama siku zinapita hazikubali, tafuta ni kiungo gani kimeshika. Katikati ya gurudumu kuna skrubu kubwa ya kuzungusha kwa mkono, ile ya kulegeza wakati wa kujaza bobini. Ilegeze. Gurudumu likizunguka peke yake, basi lenyewe ni zima na tatizo liko mbele. Mara nyingi ni nguzo ya sindano, kwa sababu ndiko unyevu unakoingilia. Ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, hata ya kuazima saluni, tia tena mafuta. Usiigonge kwa nyundo kutoka chini. Nguzo ikipinda kidogo tu, sindano haitakutana na shato tena maishani.

Ikishaanza kuzunguka, kazi ya kuchosha ndipo inapoanza: tia mafuta ya taa, zungusha, futa, tia, zungusha, futa. Kitakachotoka mwanzoni ni cheusi na kizito kama kahawa ya mwisho wa dele. Endelea mpaka kitoke cheupe. Kisha, siku hiyo hiyo, tia oili ya cherehani kila ulipotia mafuta ya taa. Usisubiri kesho. Mafuta ya taa hukausha na kuacha chuma uchi, na uchi wa usiku mmoja karibu na bahari unatosha kuleta kutu mpya ya rangi ya chungwa. Usitie oili ya injini wala ya kupikia, wala nazi, hata kwa kumuenzi bibi.

Maua ya dhahabu ndiyo yanayowaponyoka wengi. Yamelala chini ya utando mwembamba sana wa vanishi ya zamani, na utando huo unayeyushwa na spiriti, unachanwa na sabuni ya unga, unaukuliwa na kila kitu chenye chembe. Nimeona mtu aliyesafisha Singer ya baba yake kwa sponji ya masufuria mpaka jina Singer lenyewe likatoka. Tumia pamba na oili ile ile ya cherehani, duara ndogo ndogo, bila kukandamiza, ukitupa pamba ikichafuka. Itachukua jioni nzima. Kwa vibamba vinavyong'aa vilivyopata kutu, mafuta ya taa na waya laini kabisa wa kusugulia. Ndimu na ukwaju ni vya sinia za shaba. Vikilowekwa na shato vitakula kutu na vitaacha vishimo, na uzi hukatikia kwenye kishimo. Ncha ya shato ipitishe kwenye kipande cha soksi ya nailoni: ikinasa, ing'arishe kwa msasa mzuri kabisa uliolowa oili, na usiinoe. Si kisu.

Meza mbao zake zikiwa zimeliwa, usihuzunike. Chonga ya mninga kwa vipimo vya ile ya zamani, hata tundu la mkanda likae mahali pake, ila miguu ibaki ile ile. Kuna mahoteli wananunua miguu hiyo ya chuma waibandike kioo wageni wanywee juisi. Kila mtu na riziki yake, lakini wakikufuata ukiwa na kichwa kizima mkononi, wafungie mlango. Mkanda ni wa ngozi wa duara, unene wa milimita 5 hivi, unaungwa kwa kipini cha waya. Fundi viatu akikosa, duka la vipuri wanao. Ukiukata, kata mrefu kuliko unavyodhani. Hunyooka wiki ya kwanza, utaupunguza baadaye.

Siku ya kujaribu, usiweke uzi. Sindano mpya namba 14, na kwenye 15K upande bapa utazame kushoto. Uzi baadaye utaingia kutokea kulia. Weka karatasi ya daftari chini ya futi, kanyaga, gurudumu lizunguke kuja kwako. Mwanzo miguu itakusaliti na gurudumu litarudi nyuma; kila anayejifunza kukanyaga hupitia hapo, anzisha kwa mkono wa kulia kwanza. Tazama vitundu kwenye karatasi. Vikiwa vimenyooka na vina nafasi sawa, meno na nguzo ni vizima. Ndipo utie uzi, chini na juu, kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, na ushike ncha zote mbili za uzi kwa nyuma kwa mishono minne mitano ya kwanza, la sivyo zitamezwa na utarudi kwenye kibano.

Uzi wa chini ukijitokeza juu, tensheni ya juu imekaza. Ukiona vitanzi chini, imelegea, au vumbi la kutu limeachanisha visahani vyake. Pitisha kitambaa chenye oili katikati ya visahani kabla hujageuza nati. Kile kispringi chembamba kama unywele pembeni yake ndicho kinachokufa kwa chumvi. Kikikatika mkononi usijilaumu, nunua tensheni nzima ya Butterfly, kwa kawaida huingia bila ubishi.

Kama ikiruka mishono baada ya hayo yote, geuza sindano kabla hujanipigia. Mara saba kati ya kumi ni sindano iliyowekwa kinyume. Zile tatu zilizobaki, igeuze kichwa chali, piga picha ya njia ya shato kwa mwanga wa dirisha, bila mweko wa simu, unitumie.